Mume Wangu Anataka Kuchukua Fomu!

Siasa zilipobisha hodi chumbani kwetu, nilirudi Kibaigwa kutafuta jibu. Nililolikuta ni safari ya miaka 25 ya Job Ndugai.

Hivi ungefanya nini kama mwenzi wako angekuambia usiku wa leo kwamba anataka kuingia kwenye siasa?

Mimi nilizima jiko. Ilikuwa Jumapili jioni, hapa Dodoma tunakoishi, nimeshika mwiko mkononi na ugali umeshaiva. Mume wangu akasimama mlangoni akiwa na sura ile ya mtu aliyefanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo.

"Mama, nimefikiria sana. 2030 nachukua fomu. Nitaanzia udiwani, pale nyumbani Kibaigwa. Mungu akipenda, baadaye ubunge."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuhesabu kinachoingia na kinachotoka. Lakini hii hesabu sikujua nianzie wapi. Siasa inaingiza nini ndani ya nyumba, na inatoa nini? Kila nilipojaribu kupata mfano, jina lililonijia lilikuwa moja: Job Yustino Ndugai.

Siyo kwa bahati mbaya. Kibaigwa ipo wilaya ya Kongwa, na kuanzia mwaka 2000 hadi alipofariki 2025, Kongwa ilimjua mbunge mmoja tu. Ndugai alipokula kiapo kwa mara ya kwanza, mume wangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alipokufa, mume wangu alikuwa baba wa watoto wawili. Kwake yeye, neno "mbunge" lina sura ya mtu huyo mmoja.

Mji wa magunia

Kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Dodoma na Morogoro, basi Kibaigwa umeipita. Ukitoka Dodoma unaiacha Chamwino, unaiacha njia panda ya Mbande inayokwenda Kongwa mjini, halafu unaingia kwenye mji mdogo wenye malori mengi kuliko magari madogo. Ukiendelea mbele unakutana na Gairo, na hapo tayari upo mkoa wa Morogoro.

Kibaigwa inajulikana kwa soko lake la mahindi, moja ya masoko makubwa ya nafaka nchini. Mzigo unatoka vijiji vya Kongwa, unatoka Kiteto, unatoka Gairo. Fuso zinaingia usiku, madalali wanaamka kabla ya jogoo, wapakiaji wanapiga kelele za kupeana moyo. Baba mkwe wangu amesomesha watoto wake wote kwa biashara hiyo, gunia kwa gunia.

Ardhi ya Kongwa imezoea ahadi kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na matrekta na mradi wao wa karanga, wakidhani wangelisha Uingereza mafuta. Mvua zikawakatalia, udongo ukawakatalia, na kufikia 1951 mradi ukafa. Miaka ya 1960 Kongwa ikapokea wageni wa aina nyingine, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, waliopewa kambi na serikali ya Mwalimu Nyerere. Wale ahadi yao ilitimia, ingawa ilichukua miaka mingi.

Kwa hiyo mtu anayekwenda kuomba kura Kongwa asidhani anaongea na watu wasioona mbali. Wameona mengi.

Kutoka porini hadi bungeni

Ndugai hakuanza na siasa. Taaluma yake ilikuwa ya wanyamapori, na alifanya kazi kwenye sekta hiyo kabla ya kuingia jukwaani. Mwaka 2000 akagombea ubunge wa Kongwa kwa tiketi ya CCM na akashinda. Akashinda tena 2005, 2010, 2015 na 2020. Mara tano!

Ukikaa ukatafakari, ubunge ni kama ndoa yenye mkataba wa miaka mitano mitano. Kila ikifika mwisho, mwenzako ana haki ya kukuuliza: umenifanyia nini? Na haulizwi mmoja. Unaulizwa na jimbo zima, wengine wakiwa wamekasirika, wengine wakiwa na njaa, na wengine wakiwa wameshamwona mchumba mpya.

Tena mbunge wa Kongwa ana jambo ambalo mbunge wa Kigoma au wa Mtwara hana. Bunge lipo mkoani kwake. Wenzake wakifunga safari ya kuja Dodoma wanapumzika kidogo na wapiga kura wao. Yeye mpiga kura wake anapanda basi asubuhi, saa nne yupo getini, na jioni amerudi nyumbani kusimulia.

Kwenye Bunge la 2005 hadi 2010, chini ya Spika Samuel Sitta, Ndugai alikuwa mmoja wa wenyeviti wanaoongoza vikao. Mwaka 2010 akawa Naibu Spika wa Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika Tanzania. Na Novemba 2015 Makinda alipong'atuka, Ndugai akakalia kiti chenyewe. Kutoka mbunge mgeni hadi mkuu wa mhimili, miaka kumi na tano. Kwa kijana wa Kibaigwa aliyekuwa akifuatilia, hiyo ilikuwa kama kuona mtu wa mtaani kwenu anaingia timu ya taifa na kupewa kitambaa cha unahodha.

Kiti cha moto

Hapa lazima niseme ukweli wote, maana mume wangu hupenda kusimulia nusu.

Ndugai alikuwa Spika mkali. Januari 2019 alimwita Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, afike mbele ya Kamati ya Maadili. Kosa? Akihojiwa nje ya nchi, Profesa alikuwa amezungumzia udhaifu wa Bunge. Neno moja. Aprili mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Juni 2019 Ndugai akatangaza kwamba jimbo la Singida Mashariki liko wazi, wakati mbunge wake, Tundu Lissu, alikuwa bado nje ya nchi baada ya kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017. Novemba 2020 akawaapisha wanawake 19 wa Chadema kuwa wabunge wa viti maalumu, huku chama chao kikisema hakikuwateua. Wapo waliomshangilia kwa hayo yote, na wapo walioapa hawatamsamehe. Mpaka leo ukilitaja jina lake kwenye meza yenye watu wanne, utapata maoni matano.

Nilimuuliza mume wangu: "Uko tayari nusu ya watu wakuchukie? Na mimi niko tayari kusikia unasemwa saluni, nikiwa nimeinamisha kichwa chini ya mashine ya nywele?"

Akanyamaza. Hilo hakuwa amelifanyia mazoezi kwenye kioo.

Siku zile nikiwa mgeni wa wakwe

Sasa nikurudishe Januari 2022. Nilikuwa bado mchumba. Tulikuwa tumekwenda Kibaigwa kwa sikukuu za mwaka mpya ili nikatambulishwe. Nilikuwa nimeshajifunza kusema "mbukwa" kwa Kigogo, nikiamini nimeiva kabisa, kumbe kila nikiitamka watoto wanacheka.

Siku za mwisho za Desemba 2021, kwenye mkutano wa Wagogo uliofanyika Dodoma, Ndugai alikuwa amezungumzia deni la taifa. Alihoji habari ya kukopakopa, akatetea tozo za miamala zilizokuwa zimeanza mwaka ule, na akaonya kwamba ipo siku nchi ingepigwa mnada. Wakati huo serikali ilikuwa imeshapata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, fedha za kukabiliana na athari za Uviko, ambazo zilikuwa zinajenga madarasa nchi nzima. Video ya maneno yake ikasambaa kwenye simu kama moto wa kiangazi.

Tarehe 3 Januari akaita waandishi wa habari akaomba radhi, kwa Rais Samia Suluhu Hassan na kwa Watanzania. Tuliangalia sebuleni kwa baba mkwe. Nakumbuka televisheni ndogo, chai ya maziwa, na sahani ya viazi ambayo hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyesema kitu mpaka taarifa ikaisha. Halafu baba mkwe akavua miwani, akasema taratibu:

"Kuomba msamaha ni kazi ya mwenye kosa. Kusamehe ni kazi ya mwingine. Huwezi kumfanyia."

Kesho yake Rais akajibu hadharani, na hakuficha kwamba maneno yale yalimshangaza. Akayahusisha na joto la uchaguzi wa 2025. Tarehe 6 Januari Ndugai akajiuzulu uspika, barua yake ikaenda kwa Katibu Mkuu wa CCM. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Spika wa Bunge la Tanzania kujiuzulu. Kutoka kuomba radhi hadi kuachia kiti ni siku tatu tu.

Nilikuwa mgeni pale, sikuwa na ushabiki wowote. Lakini kuna jambo lilinishika. Mtu aliyemwita mwenzake kwenye kamati kwa sababu ya neno moja, naye aliondolewa na maneno yake mwenyewe. Ulimi ndio uliomjengea nyumba, ulimi huohuo ndio uliomtoa sebuleni.

Na sisi wenye wenzi je? Ni mara ngapi tumesema jambo juu ya mwenzetu mbele za watu, kwenye kikao cha ukoo au kwenye kundi la marafiki, ambalo tungeweza kumwambia chumbani? Unaweza ukawa na hoja kabisa. Watanzania wengi waliona kuzungumzia deni la taifa siyo dhambi. Lakini hoja nzuri ikisemewa mahali pasipo pake, watu hawaijibu tena. Wanajibu jinsi ulivyoisema.

Kutoka kitini hadi kwenye benchi

Watu wengi wanaishia hapo kwenye hadithi hii. Kwangu mimi, hapo ndipo inapoanza.

Ndugai aliachia uspika, hakuachia ubunge. Tarehe 1 Februari 2022 Bunge likamchagua Tulia Ackson kuwa Spika, mama ambaye tangu 2015 alikuwa naibu wake. Hebu fikiria hali hiyo. Miaka sita umekalia kile kiti, wote wanainuka ukiingia. Sasa unaingia kwa mlango wa wabunge wengine, unakaa kwenye benchi, na ukitaka kuongea unamwomba ruhusa aliyekuwa msaidizi wako. Unasema "Mheshimiwa Spika", na Spika siyo wewe.

Angeweza kususa. Angeweza kuhama chama, au kukaa kwake Kongwa na kulaumu dunia. Alibaki mbunge mpaka Bunge lile lilipofika mwisho wake mwaka 2025.

Ninawajua wanandoa walioachana kwa sababu ya jambo dogo kuliko hilo. Mume amepunguzwa kazini, mke kapanda cheo, na mume hawezi kuishi na habari hiyo. Anaanza kuchelewa kurudi, anaanza kutafuta makosa kwenye chumvi ya mboga. Kushuka ni kipaji, ndugu msomaji. Shule zote zinafundisha kupanda, lakini kushuka unajifunzia nyumbani, mbele ya mtu atakayekuita jina lilelile uliloitwa kabla ya cheo.

Halafu ikaja 2025. Ndugai akachukua fomu tena. Tarehe 4 Agosti wanachama wa CCM wakapiga kura za maoni, na Kongwa wakampa ushindi. Miaka mitatu na nusu baada ya kuondoka kwenye kiti kikubwa kwa aibu ya taifa zima, nyumbani walikuwa bado wanamtaka. Tarehe 6 Agosti, siku mbili tu baadaye, akafariki dunia jijini Dodoma. Akazikwa Kongwa.

Siku ile baba mkwe alipiga simu. "Mbunge wetu amekwenda," akasema, kisha akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

Hesabu za baba mkwe

Mwezi uliopita tulikwenda Kibaigwa mimi na mume wangu, watoto tukawaacha kwa bibi yao mzaa mama. Nilitaka baba mkwe amkataze mwanawe. Sikusema hivyo, lakini ndiyo nia iliyonipeleka.

Tulimkuta sokoni, amekaa kwenye kivuli cha lori. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole kwenye rundo la magunia.

"Mwanangu, lumbesa unaijua?"

Nani asiyeijua? Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi, juu limevimba kama kichuguu na kushonwa kwa kamba. Linahesabiwa gunia moja, lakini ndani kuna debe za ziada ambazo mkulima halipwi. Serikali imeipiga marufuku, mizani imeletwa, lakini vita haijaisha.

"Lumbesa likiwa limesimama linapendeza," akasema. "Ukilibeba ndiyo utajua. Wanasiasa wengi wanaahidi lumbesa. Halafu wakishashinda, anayebeba siyo wao. Anabeba mke wake."

Mume wangu akatazama chini. Mimi nikatamani kumkumbatia mzee wa watu pale pale sokoni!

Maana ndivyo ilivyo. Siku mume wako akiwa diwani au mbunge, na wewe umechaguliwa bila kupigiwa kura. Kadi za michango ya harusi zitakuja kwako. Mgonjwa wa saa nane usiku atagonga mlango wako. Ada za watoto usiowajua, nauli, sanda, mifuko ya saruji ya kanisa na ya msikiti. Zamani sheria yenyewe iliruhusu mgombea kutoa kile kilichoitwa takrima. Iliingizwa kwenye sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaitangua 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini mazoea hayafutwi na hukumu. Mlango wa kiongozi bado unaonekana kama mlango wa benki.

Nikamgeukia mume wangu, pale pale mbele ya baba yake, nikamuuliza swali ambalo Ndugai alilazimika kulijibu mbele ya nchi nzima: "Siku wakikutoa, utarudi kuwa nani?"

Hakujibu. Tukanywa soda, tukaaga, tukapanda gari.

Tulipofika Mbande, giza limeshaingia, akapunguza mwendo. "Ofisa kilimo," akasema.

"Nini?"

"Wakinitoa, nitarudi kuwa ofisa kilimo. Kazi yangu naijua. Na nitarudi kuwa baba wa watoto wako, kama utakuwa bado unanitaka."

Sikumwambia ndiyo. Nilimwambia awashe taa kubwa, kuna ng'ombe barabarani.

KABLA YA FOMU: Mambo sita ya kuulizana chumbani

Haya tumeyaandika mimi na mume wangu kwenye daftari la matumizi ya nyumbani. Hata kama mwenzi wako hagombei udiwani bali anataka kuacha kazi, kufungua biashara au kukubali cheo cha mbali, yatakufaa.

1. Pesa ya nyumbani ni ipi na ya kampeni ni ipi? Zitenganisheni kwenye akaunti kabisa. Ada ya watoto na kodi ya nyumba visiguswe, hata uchaguzi ukiwa kesho.

2. Nani atasema "hapana" mlangoni? Kama kila siku ni wewe, utachukiwa wewe na mwenzi wako atasifiwa. Gawaneni kazi hiyo.

3. Nani ana ruhusa ya kukuambia umekosea? Kiongozi anazungukwa na watu wa kumpigia makofi. Nyumbani pawe na mtu mmoja asiyepiga.

4. Yapi hayasemwi nje? Kubalianeni mambo ambayo hayatoki chumbani, iwe ni mbele ya ndugu, waandishi au marafiki.

5. Tukikosea, tutaomba radhi vipi? Mapema, kwa maneno machache, na bila "lakini". Na mjue kwamba radhi haikurudishii kiti. Inakurudishia usingizi.

6. Cheo kikiisha, kinachobaki ni nini? Kama jibu ni "hakuna", fomu hiyo msiichukue.

Mume wangu amejibu maswali matano. La tatu bado analizungukazunguka, anasema anafikiria nani anafaa kuwa huyo mtu wa kumkosoa. Nimemwambia asihangaike kutafuta mbali.

2030 bado iko mbali kidogo. Sijampa jibu langu. Ila wiki iliyopita, nikiwa benki kwa shughuli zangu, nilijikuta nimefungua akaunti ya akiba, na pale wanapouliza kusudi la akiba nikaandika: "Ada ya watoto. ISIGUSWE."

Nadhani ameshaelewa.